Kasiksi ya Mlango wa Kijani

Jumatatu, 6 Oktoba

Yaya Salvatori, kaka yangu mkubwa, jambo sana huko Louisville. Goti lako linaendeleaje? Umeanza kupanda ngazi? Sisi Buffalo tuko wazima, Mungu asifiwe, baridi tu imeanza kutuchungulia. Nitaandika kidogo kidogo, kisha nikutumie zote pamoja. Usisome mbele ya mke wako. Anaongea na mke wangu Nabintu kila siku.

Habari ni hii. Jumamosi tunakwenda Cheektowaga kumwombea mwanangu Bonheur mchumba, Grâce. Baba yake, mzee Ruberwa, alihamia huko kutoka Columbus. Ametuma neno: ng'ombe tutawazungumza tu, lakini kasiksi lazima aione kwa macho. Pombe ya ndizi, kama nyumbani Kivu. Bila kasiksi, hakuna binti.

Nabintu anasema ataikamua mwenyewe. Nimekataa. Harufu ya pombe nyumbani kwa shemasi! Na Rutebuka, shemasi mwenzangu, anakaa mlango wa pili na pua yake ile.

Nina mpango. Jules wa kazini anasema kuna baa ya mlango wa kijani, wanapika bia zao wenyewe, na moja inanuka ndizi kabisa. Mungu hufungua njia.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeingia na kofia hadi kwenye nyusi. Msichana wa kaunta amechorwa mpaka shingoni, lakini ana heshima. Nikamwambia nataka kuchagua. Akaniletea vikombe vidogo vidogo, vimepangwa juu ya ubao.

Yaya! Vikombe vya Meza ya Bwana kabisa! Kabla sijafikiri nilishasimama, kofia mkononi, naomba kwa sauti. Wazungu wawili wenye ndevu wakainamisha vichwa. Mmoja akasema amina.

Donc, sinywi, unajua. Nikawaomba wale wa ndevu wanionjee. Walifurahi sana. Wakasema cha tatu ni ndizi tupu. Nikanunua hicho, chupa kubwa kubwa.

Kutoka nje: Rutebuka! Anaegesha gari la kanisa. Akauliza shemasi anatafuta nini humo. Nikasema nilikuwa nahubiri. Si uongo wote. Mtu alisema amina.

Jumatano, 8 Oktoba

Rutebuka amempelekea mchungaji habari. Mchungaji akashangilia! Nitoe ushuhuda Jumapili, jinsi nilivyoingia baa na Neno. Rutebuka alipiga makofi kwa vidole viwili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bia inang'aa mno. Kasiksi haing'ai. Nimeimwaga ndani ya bidoni, dumu la plastiki, nikatia unga wa mtama wa Nabintu, nikaitikisa vizuri na kufunga kwa nguvu. Nimeiweka karibu na hita ichangamke. Nabintu ameangalia, ameguna, ameondoka. Wivu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bidoni lilivimba njiani kama chura. Nililifungua sebuleni kwa mzee Ruberwa. Povu mpaka kwenye mapazia! Mama Grâce akasema karibuni, huku anafuta miwani.

Wakamimina ndani ya chungu, wakaleta mirija. Wote wananitazama. Ndipo nikakumbuka, yaya. Mleta pombe huonja kwanza, kuonyesha haina sumu! Nilisahau kabisa. Miaka yote ya wokovu, nani angenikumbusha?

Nikamsukuma Jules, msemaji wetu. Mzee Ruberwa akasema hapana, mtoto ni wa nani? Baba aonje. Rutebuka, niliyemwalika kwa heshima tu, akasogeza kiti mbele. Nikikataa, watasema nimeleta sumu, ndoa imekufa. Grâce alikuwa ameshika kitambaa, macho yamejaa. Bonheur akaninong'oneza kwa Kiingereza chao, baba, tafadhali.

Nikavuta. Mungu anisamehe. Tamu kidogo.

Mzee naye akavuta, akafumba macho. Akasema kule Columbus alikuwa anaosha mapipa ya bia kama hizi, na hii haijawahi kukutana na ndizi hata barabarani! Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi nilitazama viatu.

Alipotulia akasema: bon, baba Bonheur, nimekuona unaogopa kanisa lako, na bado umevuta kwa ajili ya mtoto. Binti nimetoa. Lakini siku ya harusi, Novemba, nataka kasiksi ya kweli. La sivyo utacheza harusi peke yako.

Jumapili, 12 Oktoba

Ushuhuda umetolewa. Na Rutebuka, kabla yangu.

Nimenyang'anywa sinia ya Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Anaibeba yeye sasa, polepole, kama mayai. Alipita mbele yangu mara mbili. Pole ndugu, akasema, utaonja kwa imani.

Jumanne, 14 Oktoba

Nabintu amenunua ndizi bila kuniuliza. Anaziivisha chini, anaimba. Anasema mama yake alimfundisha, nimwache tu.

Bon. Lakini ndizi za Amerika, yaya, unazijua. Hazina nguvu. Na mimi nimewaza. Mzee Ruberwa anajua bia za Columbus, sasa anajua na ya Buffalo. Za Louisville hazijui!

Wewe bado Mkatoliki, hakuna atakayekushtaki. Ingia baa moja hapo, omba vikombe vidogo, tafuta isiyong'aa, yenye uchachu. Usisimame kuomba. Harusini utaonja wewe kwanza. Kaka mkubwa anampita baba.

Nijibu upesi, tafadhali, kabla ndizi za Nabintu hazijaiva.

Mdogo wako,
Mirindi