Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyepima Gereji Yangu Mara Tatu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Milango na Mageti.

YAH: UTOVU WA NIDHAMU WA FUNDI MNAYEMWITA KIPIMO

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako. Mimi ni mzima kiasi, ila roho ndiyo haijatulia. Si kawaida yangu kushtaki watu. Kazini, ambako huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa msaidizi wa msimamizi wa ghala, hata panya huwa nawapa onyo kwanza. Lakini alilonifanyia mwanachama wenu Kipimo limekataa kumezeka.

Kisa chenyewe ni hiki. Ghalani kwetu kuna mlango mkubwa wa vipande. Ukibonyeza rimoti haukimbilii kulala chini ya dari kama milango ya watu wa kawaida. Unapanda kwanza wima ukutani, taratibu, kama mheshimiwa anayeinuka kupokea makofi, na ukifika juu kabisa ndipo unapinda. Mota yake nayo haining'inii katikati ya dari. Imefungwa ubavuni, kando ya shafti, ule mtaimbo unaozunguka kuuvuta mlango juu. Nimeutazama mlango huo kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, nikaapa kwamba sifi kabla sijapata wa kwangu. Sasa ninao. Umeegemezwa koridoni nyumbani, na familia nzima tunapita ubavu ubavu kama kaa.

Gereji yangu ni ndogo, sikatai. Dari yake ndiyo sakafu ya chumba cha Mama mzazi, na ngazi ya kwenda kwake imepita ukuta wa kulia. Dukani muuzaji aliniuliza dari yangu iko wapi, nikanyoosha mkono nikamwonyesha: hapa. Ni kweli kwamba wakati huo nilikuwa nimepanda kigoda ili anione vizuri, maana wateja walikuwa wengi, lakini kigoda kilikuwa mali ya duka na sikuona sababu ya kukiingiza katika vipimo vya nyumba yangu. Akanipa mlango. Kazi iliyobaki ilikuwa kuufunga tu, na hapo ndipo alipoingia mtu wenu. Makosa yake ni haya:

1. Alipima. Mafundi wawili waliomtangulia walikuwa watu wa heshima zao. Wa kwanza alijibu bila hata kushuka kwenye pikipiki: "Hiyo kazi ndogo, bosi." Wa pili alijibu kwa simu, akiwa hajui hata njia ya kuja kwangu: "Inaingia tu, mzee, mlango ni mlango." Hao ndio mafundi! Hawajaonekana tangu siku hiyo, lakini moyo wao nimeuona. Kipimo alifika saa ileile aliyosema atafika, jambo lililonitia shaka mapema, akachomoa tepu, akapima juu ya uwazi wa mlango, akapima ubavuni, kisha akarudia, kisha akarudia tena, utadhani gereji ingeona haya ikakua.

2. Alitangaza matokeo hadharani. Mke wangu alikuwepo, na shemeji yangu, mdogo wake huyo mke, naye alikuwepo, tena ana mdomo. Kipimo akasema kwamba juu ya uwazi nina shubiri moja na nusu, na mlango ule unataka shubiri nne ili upande wima. Ubavuni mota inataka shubiri nzima, mimi nina vidole vinne, baada ya hapo ni ngazi. Akamalizia hivi: "Mzee, mlango hauna kosa lolote. Gereji ndiyo haina pa kuuweka." Mke wangu alicheka mpaka akakalia boksi la springi za mlango. Mimi ni baba mwenye nyumba, Ndugu Mwenyekiti! Aibu ile nikaifulie wapi?

3. Alikataa kushauriwa. Penye nia pana njia, na mimi nilimpa njia tatu. Kwanza, tuchimbe sakafu ya gereji ili gari lishuke na nafasi ipatikane. Akauliza maji ya mvua yataelekea wapi. Nikamjibu, yaelekee yanakoelekea siku zote, kwa jirani. Akasema maji ya shimoni hayana jirani. Pili, tuikate ngazi ibaki nusu upana, Mama awe anapanda kwa kutanguliza bega. Hapo alijikuna shingo tu.

Njia ya tatu ndiyo ninayojivunia, na hadi leo sijaona kasoro yake. Tutoboe sakafu ya Mama. Si shimo kubwa. Ni ufa wa upana wa mlango, kando ya kitanda chake. Nikibonyeza rimoti, mlango unapanda mpaka chumbani kwake, unasimama wima dakika mbili, gari linaingia, mlango unashuka zake. Kwa siku ni mara mbili tu, au tatu nikisahau simu. Angeweza hata kuanika shuka zake juu yake, mradi azitoe kabla sijabonyeza.

Unajua alichonijibu? Aliniuliza Mama analala upande gani wa kitanda. Nikamwambia sijawahi kuangalia. Akakunja tepu, akabeba sanduku lake la vifaa. Nauliza kwa unyenyekevu, swali la namna hiyo linahusiana nini na milango?

4. Hakuondoka. Alipanda juu, akamwamkia Mama, akapewa kiti, akakaa nusu saa nzima, ilhali mimi ndiye niliyemwita. Mama huwa hacheki ovyo. Siku hiyo nilimsikia akicheka, nami niko koridoni nimebanwa kati ya ukuta na mlango wangu.

Usinielewe vibaya. Mama nampenda, na hana mfano. Chumba kile alikiomba mwenyewe Baba alipofariki, kwa sababu mlango wa sasa wa gereji unalia vibaya mno, na kila jioni akiusikia anajua nimerudi salama. Hapo hugonga sakafu kwa fimbo mara mbili kuuliza kama nimekula. Nina miaka hamsini na miwili. Mlango mpya hautoi sauti hata kidogo, kwa hiyo angepumzika na hiyo kazi ya kunisubiri. Hata hilo Kipimo hakutaka kulisikia.

Kwa hayo yote naomba Chama kichukue hatua. Kipimo anyang'anywe tepu kwa muda usiopungua mwaka. Itungwe kanuni kwamba fundi akiulizwa na mteja ajibu "inawezekana" kwanza, na kama ana lazima ya kupima, apime akiwa peke yake na majibu abaki nayo. Niletewe mafundi watatu wasio na maswali.

La mwisho ndilo kubwa. Naomba Chama kimwandikie Mama barua rasmi, yenye muhuri, kumweleza kwamba maendeleo yanadai kila mtu ajibane kidogo, na kwamba zamu hii imemwangukia yeye. Ningemwambia mwenyewe, lakini mimi ni kifungua mimba wake, na kila nikisimama mbele yake kulianza jambo hili naishia kumuuliza kama amekunywa dawa. Barua yenye muhuri haitazamwi machoni.

Nisalimie wajumbe wote, katibu, mweka hazina, mlinzi wa ofisi yenu, na kipekee yule fundi wa pikipiki. Mwambie mlango bado unamsubiri.

Ni mimi, niliyebanwa lakini sijakata tamaa,
Mwenye Mlango.

N.B. Barua hii nilimpa mke wangu aikague herufi kabla ya kuitia kwenye bahasha. Akapanda nayo juu, akamsomea Mama neno kwa neno, kwa sauti ya taarifa ya habari. Mama hakukasirika, heri angekasirika. Amesema, "Sawa mwanangu, toboa." Ila magoti yake yameichoka ngazi, kwa hiyo atahamia chumba chetu cha chini, nami nipande nikalale kule juu, niwe karibu na mlango wangu. Mke wangu amesema chumba cha chini kinawatosha watu wawili, yeye na Mama, na godoro langu limeshapandishwa. Nimejilaza pale mchana huu kujaribu. Kitanda hakisogei, huku kabati, huku ukuta, na upande ule wa kutobolewa ndio ninaolalia. Ndugu Mwenyekiti, futa yote niliyoandika, na uwaonye mafundi wako wote, yule wa pikipiki akiwemo, kwamba asiiguse mtu sakafu ile. Juu yake analala mtu.