Tivii Juu ya Dungu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimehamia bondeni leo. Siku kumi na mbili juu ya dungu, jukwaa letu la miti, za kuamia ndege wasile, mpaka mpunga ukauke tuvune. Ekari mbili ng'ambo ya daraja la Kivukoni, chakula chetu cha mwaka mzima.

Mwaka jana niliacha dungu alasiri moja tu, nikaenda mjini kuangalia sehemu ya mwisho ya tamthilia. (Haikustahili. Nilisema wazi: alama tatu kwa kumi.) Niliporudi, kweleakwelea walikuwa wamekula nusu ya shamba. Levina hajasahau. Asubuhi hii alikuwa anakunja kanga zake, hakupandisha sauti, akasema nikirudia mwaka huu atafungasha aende kwa mama yake Lupiro. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Namjua anapotania na namjua asipotania.

Nikamwambia: mama Happyness, ondoa shaka. Sikumwambia kilichomo kwenye kiroba nilichofunga nyuma ya baiskeli. Alidhani ni shuka.

Ni tivii. Ile ndogo ya sola, pamoja na betri yake, king'amuzi na antena. Watu hawaelewi uzito wa kazi yangu. Kundi letu la WhatsApp la wapenda tamthilia wa Ifakara lina watu mia mbili na kumi, na tamthilia mpya ikianza hawaifungui kabla mimi sijasema Tazama au Acha. Wiki hii zinaanza mbili kwa mpigo, katika vituo viwili tofauti, zote saa kumi alasiri. Saa kumi ndiyo saa ndege wanaposhuka kula. Sikuipanga mimi.

Jumanne, 13 Mei

Tivii nimeifunga kwenye nguzo ya dungu, antena juu ya mwanzi. Huku juu hakuna ukuta wala bati la jirani. Picha safi kuliko nyumbani.

Nimeanza na Mawifi Wanne. Mke mpya anaingia kwenye nyumba yenye mawifi wanne, na katika wanne hao hakuna anayeweza kuomba chumvi bila kupiga kelele. Dakika arobaini, makofi saba. Mume yupo, lakini kazi yake ni kushika kichwa. Nilikuwa naandika neno Acha nilipoliona kundi la ndege linakuja kutoka upande wa mto, jeusi, limeinama kuelekea kwangu. Teo la kurushia udongo lilikuwa chini, mimi niko juu na rimoti mkononi. Hapo hapo wifi mkubwa akagundua pete yake haipo.

Ule ukelele! Kundi zima likageuka angani na kwenda zake.

Nimekaa nikifikiria jambo hili mpaka jua likazama. Wazee wetu wameamia kwa madebe na makoo yao miaka yote hii, wamekauka sauti, na dawa ilikuwapo. Sasa naweza kutimiza wajibu wa mume na wajibu wa mwamuzi kwa pamoja, nimekaa. Nimempigia Levina kumwambia mpunga uko salama na mwaka huu natumia njia ya kisasa. Akauliza njia gani. Nikasema mtandao unakatika.

Jumatano, 14 Mei

Kaka Kelestini, wa shamba la jirani, amekuja kulalamika. Anasema mawifi wangu wanamfukuzia ndege wote kwake. Huyu ni mtu wa madebe mawili, teo na shati jekundu alilolivisha kijiti akidhani ndege ni wajinga. Nikampa pole. Akaniambia tivii si mwamiaji, ndege watazoea. Tena, akasema, kama shida yangu ni kuona tu, marudio yapo kesho yake saa nane mchana, wakati ndege wamepumzika kwenye matete. Kwa nini nisingoje?

Nilimweleza kwa upole kwamba mwamuzi haamui kiporo. Watu mia mbili na kumi wanasubiri. Akanitazama kama mtu anayetazama gurudumu lililopinda, akarudi kwenye madebe yake.

Jioni Levina akataka picha ya mpunga. Kona yangu ya chini ilikuwa imeguswa kidogo, kidogo tu, wakati wa matangazo ya biashara, maana tangazo la sabuni halina kelele ya kutosha. Sikutaka kumpa presha bure. Nikapita kwenye tuta, nikapiga picha ya shamba la Kelestini. Masuke yake yameinama vizuri. Levina akajibu kwamba Mungu ni mwema. Nikalala vibaya, lakini nililala.

Alhamisi, 15 Mei

Kelestini amesema kweli na inaniuma kuandika.

Ndege wamezoea. Leo wifi mkubwa amepiga ukelele mara nne. Mara ya kwanza waliruka. Mara ya pili waliruka nusu. Mara ya nne walibaki kwenye masuke wakila, wakimsikiliza. Kelestini aliita kutoka tutani kwamba hao sasa wanawajua waigizaji wote kwa majina. Nikashuka na teo, nikakimbia jaruba hadi jaruba, nimepoteza kandambili moja kwenye tope. Nilipopanda tena dunguni mapafu yanawaka, na sehemu ilikuwa imekwisha. Sijui pete iko kwa nani.

Ujumbe umeingia kwenye kundi. Wanauliza ile ya pili, Duka la Mjane, inastahili au haistahili. Siku tatu sasa na mwamuzi kimya. Mmoja ameandika kwamba labda mwamuzi amezeeka. Nimeusoma ujumbe ule mara tano.

Halafu Levina: atakuja Jumamosi kuona shamba na kuniletea chakula. Siku mbili. Nimezunguka mashamba yote mawili kwa macho. La Kelestini zima. Langu lina kipara upande wa mto, upana wa uwanja wa kanisa. Yaliyobaki yakibaki, naweza kujitetea. Lazima yabaki.

Ijumaa, 16 Mei

Maandishi mtanisamehe. Ingawa hii ni shajara yangu na hakuna wa kunisamehe.

Mpaka saa tisa na nusu nilikuwa mtu mwema. Nilirusha udongo tangu alfajiri. Nilipiga sufuria mpaka chini likatoboka. Nikaapa tivii leo haiwaki. Saa kumi kasoro tano nikajiambia: dakika kumi tu za Duka la Mjane, kwa ajili ya kundi, niandike neno moja, nizime.

Nasema kwa moyo mweupe: ni tamthilia bora tuliyopata miaka mingi. Mjane ana duka dogo. Ndugu wa marehemu wanakuja mmoja mmoja kununua vitu vidogo, kiberiti, chumvi, na kila mmoja anapima kwa macho rafu atakayoichukua. Hakuna anayegombana. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Mjane anawafungia bidhaa kwenye gazeti, na wewe unajua kwamba anajua. Nililia dunguni, peke yangu, mtu mzima. Alama tisa. Ya kumi nimeizuia kwa sababu ya wigi la shemeji.

Lakini ilikuwa kimya. Kimya kabisa, sehemu nzima. Na niliposikia sauti ya mvua nilifurahi, nikasema mvua itawazuia ndege. Nikainua kichwa kutazama mawingu. Mbingu nyeupe. Mvua ile ilikuwa midomo yao.

Shamba lote lilikuwa limegeuka rangi, limeinama, linatembea. Nilipiga kelele nisiyoitambua kuwa ni yangu. Niliruka kutoka juu bila ngazi. Nikarusha udongo, nikarusha kandambili iliyobaki, nikarusha rimoti. Wakiinuka hapa wanatua pale. Kelestini akaja na madebe yake, akaacha shamba lake na kuingia langu, tukapiga wote wawili mpaka jua likaenda na ndege wakaenda nalo. Sikuweza kumtazama. Alisema nioshe miguu, nimejikata.

Nimeandika kwenye kundi: Duka la Mjane, Tazama. Ahadi ni ahadi.

Jumamosi, 17 Mei

Levina alifika saa nne kwa bodaboda, na wali na kambale kwenye hotipoti. Nilikuwa nimezima kila kitu na kufunika kwa shuka. Nilipanga maneno usiku kucha: ukame, panya, ndege wa aina mpya kutoka nje ya nchi.

Hakuniuliza kitu. Alipita juu ya tuta, akakata suke, akaliminya kwa vidole viwili. Kapi. Akakata jingine. Kapi. Akaenda hivyo mpaka upande wa mto na kurudi, na mimi nyuma yake. Kisha akatoa simu, akafungua ile picha ya Jumatano, akanionyesha shati jekundu kwenye kijiti, akauliza liko wapi katika shamba letu. Tulilitazama wote wawili, kule lilikokuwa, kwa Kelestini.

Nikasema ukame. Akaniambia baba Happyness, kula kwanza, chakula kinapoa. Akanipakulia. Sijawahi kuogopa wali namna ile.

Jumanne, 20 Mei

Tumevuna kilichobaki kabla hakijaisha. Magunia tisa. Tulitegemea thelathini. Tivii Levina amempa Kelestini, shukrani kwa kutusaidia kuamia siku za mwisho. Kelestini alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Jioni Levina aliondoka. Mfuko mmoja, hakubeba hata sufuria. Alisema magunia yale yatanitosha nikiwa peke yangu. Mlango aliurudisha taratibu. Nimekaa na taa mpaka mafuta yakaisha, na sikuwasha redio. Nyumba hii sikujua ni kubwa hivi.

Alhamisi, 29 Mei

Leo nimekwenda Lupiro na mzee Faustin, yule yule aliyekuwa mshenga wetu wakati wa posa. Njiani alinifundisha: shikamoo, kichwa chini, yeye aongee, mimi niseme nimekosa. Maneno mawili tu. Nimekosa, nimeacha.

Tulifika saa nane mchana. Mama mkwe alitukaribisha sebuleni. Tivii ilikuwa inawaka, akapunguza sauti lakini hakuzima. Faustin aliongea vizuri kuliko siku ya posa. Akasema mpunga unaoteshwa tena kila mwaka, ndoa haioteshwi. Levina akatoka chumbani, akakaa mkekani, akanitazama kandambili mpya.

Mama mkwe aliniuliza: mwanangu, mambo ya tamthilia umeyaacha? Nikasema mama, nimekosa, nimeyaacha. Tivii yenyewe sina, iko kwa Kelestini. Sauti yangu ilikatika, na sikuigiza. Levina akainamisha uso na nikaona shavu lake linaanza kulegea. Akasema ngoja achukue mfuko. Akainuka kabisa. Moyo wangu ulikuwa tayari uko njiani, juu ya daraja, umembeba.

Hapo mama mkwe, kwa furaha, akatazama kioo. Marudio ya Mawifi Wanne. Wifi mdogo yuko hospitali. Mama akashika kifua, akasema Mungu amponye yule binti, yeye peke yake ndiye mwenye utu katika nyumba ile.

Ni mama mkwe wangu. Sikutaka ateseke bure. Nikamwambia asijipe matumaini, anakufa baada ya tangazo la sabuni, na daktari ndiye baba yake wa kweli, jambo ambalo ni la kubuni kupita kiasi na ndiyo sababu nimeishusha kutoka alama nne hadi mbili.

Faustin akafumba macho. Levina, amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ile ile ya kukunja kanga: sehemu hii ilitoka jana. Jana umeionea wapi?

Nikasema kwa Kelestini. Dirishani, si ndani.

Tangazo la sabuni likapita. Binti akafa. Mama mkwe alilia kweli, na Levina akakaa mkekani kumfuta machozi, na mfuko haukutoka. Tumerudi wawili, mimi na Faustin, kwenye bodaboda moja. Nafikiri kosa lilikuwa lake. Mshenga mzoefu angeomba tivii izimwe.

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kumi na tatu bila Levina. Nimepika ugali, umekuwa uji. Nimempigia, simu imeita mpaka ikachoka.

Saa kumi kasoro nikaenda kwa Kelestini. Siku hizi ananiruhusu kukaa ndani. Ameingia kwenye kundi, na wiki iliyopita alitoa Acha ya kwanza bila kuniuliza, na watu wakamshukuru. Nimelimeza hilo kama nilivyomeza mengine.

Leo imeanza mpya, Kiti Kitupu. Mwanaume mmoja anapenda kucheza drafti. Mke anamwonya. Haachi. Mke anaondoka, mume anamfuata ukweni na wazee, wanakaribia kupatana, na pale pale kwenye mkeka anaanza kumwelekeza shemeji namna ya kusogeza kete. Kelestini alikuwa ananitazama mimi badala ya kutazama kioo. Sijui kwa nini.

Nimeandika kwenye kundi kabla hajaniwahi. Alama moja. Acha. Waigizaji wazuri, picha nzuri, lakini hadithi haiaminiki hata kidogo. Mwanaume mjinga kiasi kile hayupo.