Kanuni Mpya za Matusi Mjini Moshi

Ndugu wananchi, suala la matusi limepatiwa ufumbuzi. Kamati yetu ilikaa siku tisa, ikanywa chai, ikatoa kanuni. Kwenye televisheni tusi ni marufuku kabisa, maana televisheni huingia sebuleni mtu akiwa anakula na baba mkwe. Kwenye filamu yanaruhusiwa mawili, mradi mtukanaji afe kabla filamu haijaisha. Kwenye muziki hakuna kikomo, mradi watu wacheze. Anayecheza hasikilizi maneno. Tulifanya utafiti kwenye harusi tatu.

Mimi ndiye katibu. Mwenyekiti ni Mhandisi Thadeus, ambaye pia anasimamia barabara za Kibosho.

Wa kwanza kunufaika ni Mama Justina. Alihojiwa na televisheni kuhusu barabara, maana gari la maziwa halijapanda Kibosho tangu masika, na maziwa ya akina mama kumi na wawili yanachacha kila siku. Bahati mbaya alimtaja Mhandisi, akaongeza neno ambalo siwezi kuliandika hapa kwa kuwa taarifa hii si muziki. Tukafuta mahojiano yote.

Akaja ofisini, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmenifuta? Tuyanywe maziwa mpaka tupasuke?"

"Mama, kosa si tusi, ni mahali uliposemea. Ungecheza filamu..."

"Halafu nife?"

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo."

"Thubutu! Na muziki?"

"Huko ruksa. Sema lolote."

Akacheka. "Asante, mwanangu." Nilifarijika sana, ni nadra mwananchi kutushukuru.

Wiki tatu baadaye Mhandisi alimfanyia binti yake, Stella, sendofu ya kumuaga kabla ya harusi, kwenye ukumbi mmoja wa Rau. DJ akaweka wimbo mpya wa akina mama wa Kibosho. Jina la Mhandisi lilitajwa mara kumi na nne. Lile neno lilinishinda kulihesabu. Ukumbi mzima ukasimama.

Mhandisi akanivuta koti. "Zima! Hayo ni matusi!"

"Mheshimiwa, kanuni umesaini mwenyewe. Wanacheza."

"Nani anacheza?"

"Wote. Hata Stella."

Mama mzazi wa Mhandisi, Bibi Eliona, akaja akikata kiuno, akamshika mkono. "Inuka, Thadeus! Wamekuimba, baba!"

Akacheza. Angefanyaje?

Jumatatu asubuhi greda likapanda Kibosho, Mhandisi akiwa amekaa pembeni ya dereva. Akateremka kwa Mama Justina, akamwomba kwa unyenyekevu atunge ubeti mwingine, wa kumsifu.

"Tumeshaujaribu jana baada ya misa," akajibu mama. "Hauchezeki."