Ubeti Niliomtunzia Zuhura

Mwenzenu leo nimeaibika ukumbi mzima ukishuhudia, na hapa ninapoandika nina hasira za kung'ata meza.

Mtaa wetu hapa Tanga umegawanyika tangu uchaguzi. Baraza lao, baraza letu. Hata misibani watu wanakaa pande mbili. Msemaji wa upande wetu ni mimi (hakuna aliyenichagua, ila mdomo ninao). Wa upande wao ni Zuhura, shoga yangu tangu madrasa, tuliyekuwa tukisomea naye juzuu moja. Nimeapa mbele ya wenzangu kwamba yule mwanamke simsemeshi mpaka nazikwa.

Leo tukakutana harusini. Bwana harusi wa kwao, bibi harusi mtoto wa kaka yangu. (Vijana hawakutuomba ruhusa.)

Nilikwenda na nia yangu. Kwetu mwimbaji akifika kwenye ubeti unaokugusa, unainuka na noti kwenda kumtunza. Njiani unasimama mbele ya mtu unayemkusudia. Basi ubeti ule umekuwa maneno yako kwake, na mdomo hujafungua. Kwa mtu aliyeapa kununa, hakuna njia bora.

Kufika nakuta udi, fidla, dumbaki, na bibi mmoja mwimbaji kakaa kitini. Taarabu ya kizamani. Spika za kutikisa dari hakuna.

"Nani kaleta hawa?" nikamuuliza wifi yangu Fatuma.

"Bwana harusi. Ati anataka watu watulie wasikilize."

"Mimi nimekuja kutulia?"

Wakaanza kupiga. Na watu, bila haya, wakatulia kweli. Baraza lao na baraza letu wakawa wanayumba pamoja. Fatuma, aliyeapa pamoja nami, kamwegemea mama mmoja wa upande ule, kafumba macho. Nilichemka. Wimbo wenyewe sikuusikiliza hata neno moja, kazi yangu ilikuwa kumkodolea Zuhura. Fidla ilipopanda nikasema hapa hapa. Nikainuka.

Nilikwenda kwa madaha, hilo nijisifu. Nikasimama mbele ya Zuhura, noti juu, jicho nimemkazia. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Nikajua nimemmaliza.

Sasa, desturi ni kwamba mtu akitunza, mwimbaji anaurudia ubeti. Bibi wa watu akaurudia, taratibu, na safari hii nikasikia:

*Nimekuja mlangoni, nifungulie mwenzangu,*
*Kosa li kwangu moyoni, nipokee ndugu yangu.*

Noti bado iko juu. Niishushe vipi? Nimwambie nani kwamba si huo, nilitaka mwingine?

Zuhura machozi yanamtoka. "Mwanamize," akasema, "miye nilikuwa nangoja hilo tu. Kuanza nilishindwa." Akainuka, akanikumbatia. Bibi akaurudia tena, ati kwa furaha yake, na pande zote mbili zikaitikia.

Nikatazama nyuma nipate msaada. Fatuma naye analia. "Mungu akulipe, wifi. Sote tulikuwa tumechoka."

Mmechoka? Tangu lini? Mimi nimenuna muda wote huu kwa niaba yenu, nimepita njia ya mbali kwenda sokoni nisipite mlangoni kwake, kumbe nyinyi mmechoka mkakaa kimya!

Pilau ikaliwa sinia moja, wao na sisi, magoti yanagusana. Kina mama watu wazima wakawa wanakuja kunishika mkono: wewe ndiye uliyetupatanisha, una moyo mkubwa. Moyo gani? Nilikwenda kumchamba mtu. Nikilisema hilo leo, nani ataniamini?

Kwa hiyo msinicheke, nina hasira kweli. Nina hasira na bwana harusi, na ile fidla, na Fatuma. Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba pale tulipokumbatiana, aliyeachia kwanza alikuwa Zuhura.