Lalamiko Kuhusu Kioo cha Nyuma na Makofi ya Malika

Kwa Bi. Annet Nalianya,
Mratibu wa Vijana wa Kujitolea,
Kianda, Kibera.

Mheshimiwa Mratibu,

Kwa taadhima na akili timamu, naomba kwamba Bi. Malika Abdelkarim, kijana mwenye ulemavu wa kujifunza uliyemleta kujitolea katika kinyozi changu hapa Kawangware 56, asiongezewe muda wake utakapokwisha Ijumaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Nilimkabidhi kioo cha nyuma. Kwa desturi yetu, mteja akishanyolewa, kioo hupitishwa kisogoni upesi, naye husema "safi" kabla hajaona chochote. Malika hukishika tuli mpaka mteja aone. Kisha huongeza: "Buda, angalia poa. Amekuachia shamba la nywele hapa nyuma."

2. Derrick, mnyoaji wangu, ambaye hakuwahi kurudia kichwa cha mtu, sasa hunyoa akitokwa na jasho.

3. Kichwa kikimridhisha, Malika hupiga makofi. Sikumwagiza. Kisipomridhisha husema, "Bado. Rudi kwa kiti." Mzee wa kanisa amerudishwa mara mbili, akatii bila kunung'unika, jambo lililoniudhi zaidi.

4. Watu walionyolewa kwingine sasa huja kwangu kupigiwa makofi tu. Jumamosi bwana harusi alikuja na msafara mzima, matarumbeta yakiwemo. Bw. Ojwang, ambaye ana upara mtupu, hufika kila asubuhi, na ndiye anayepigiwa kwa nguvu kuliko wote.

5. Hivyo basi, mahali pangu pamekoma kuwa kinyozi na pamekuwa sherehe. Leseni yangu haitaji sherehe.

Wasalimie wote ofisini, na Bi. Bakhita, mama yake Malika, huko Lindi ya Kibera.

Wako katika masikitiko yaliyopangwa vizuri,
Mutiso Mulwa,
Mwenye Kinyozi.

Tanbihi: Baada ya kutia sahihi niliketi, Derrick akaninyoa, Malika akashika kioo. Miaka yote hii sikuwa nimewahi kukiona kisogo changu. "Bado, bosi," akasema mbele ya wateja. "Rudi kwa kiti." Nikarudi. Mara ya tatu alipiga makofi, foleni nzima ikamfuata, nami nikajikuta nimesimama nikiinamisha kichwa kama aliyetunukiwa nishani. Kwa hiyo barua hii isomwe kinyume. Sitaiandika upya kwa kuwa aya zake zimekaa vyema. Bw. Ojwang ameshaanza kuuliza Jumamosi itakuwaje. Naomba uamuzi wako kabla ya Ijumaa: Malika abaki?