Dozi ya Alhamisi

Jumamosi, 31 Januari 2026

Kilo tisa! Nimejipima mara tatu kabla ya chai. Kipruto amepunguza nane na nusu, ananipumulia kisogoni. Mashindano ya kupunguza uzito ya umoja wa wanaume wa kanisa letu hapa Bondeni, Nakuru, yanaisha Jumapili ya tarehe nane. Mshindi anapewa kondoo dume. Zaidi ya kondoo, anasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda juu ya kiasi. Ushuhuda wangu uko tayari. Kurasa nne.

Shida ni moja. Kanuni ya tatu inasema: jasho tu, dawa marufuku. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe, Septemba, nikiwa bado sijaijua sindano. Oktoba nikaijua. Tangu hapo kila Alhamisi najifungia chooni na kujidunga tumboni. Hata mke wangu Wamuyu hajui. Anadhani ni kufunga na kuomba.

Sasa Jumatatu tunaenda Kamere, kule Naivasha, kuezeka kanisa dogo. Wiki nzima! Alhamisi itanikuta huko. Peni yangu ya sindano huishi kwenye friji, ndani ya kopo kuukuu la majarini. Karatasi ya maagizo niliichoma siku ya kwanza ili kupoteza ushahidi. Lakini kitu kilichotolewa kwenye friji lazima kikae kwenye friji. Hilo halihitaji kusoma.

Na nikikosa dozi? Njaa ya miezi minne itarudi siku moja. Naogopa.

Jumatatu, 2 Februari

Mpango wa kwanza: thamosi ya chai, barafu ndani, peni katikati, imefungwa ndani ya pakiti ya maziwa. Safi kabisa.

Tukasimama Kariandusi kunyoosha miguu. Kipruto akatoa maandazi, akaomba chai yangu. Nikasema imekwisha. Akaitikisa thamosi. Ikalia kama mkebe wa misumari. Nikasema ni mizizi ya tumbo. Tumbo la nani? Langu. Basi wanaume kumi na mmoja wakaniwekea mikono palepale kando ya barabara, wakaliombea tumbo langu. Kipruto aliomba kwa muda mrefu kuliko wote. Mnafiki!

Tulipofika Kamere barafu ilikuwa maji. Nimepangiwa chumba kimoja na nani? Kipruto.

Jumanne, 3 Februari

Friza ya pekee hapa ni ya Truphosa, mpishi wetu. Ni ya samaki. Asubuhi, alipotoka kuchota maji, niliitia peni ndani ya tumbo la samaki mmoja mkubwa mwenye mkia uliokatika. Nani atamshuku samaki?

Saa nne nikiwa juu ya paa, nyundo mkononi, wazo likanipata: friza inagandisha! Nikashuka ngazi nusu kwa kuruka. Truphosa alikuwa ameshika kisu kwa mkono mmoja, samaki wangu kwa mwingine. Nikamnyang'anya. Nikasema huyu nilishamchagua. Akaniuliza mzee mzima kama mimi napigania samaki kweli, kwani nyumbani hawanilishi.

Kipruto alinikuta nyuma ya choo nimemkumbatia samaki. Aliandika kitu kwenye simu.

Jumatano, 4 Februari

Mungu yupo! Jerotich, mwimbishaji wa kwaya ya hapa, anafanya kazi kwenye shamba la maua, kwenye chumba cha baridi ambamo waridi hungojea ndege. Baridi ya friji hasa. Hakuna kuganda.

Nilimpa peni ikiwa ndani ya ile pakiti ya maziwa, asije akasoma karatasi ya kemisti iliyobandikwa juu yake, yenye jina langu. Nikamwambia ni dawa ya macho ya shangazi yangu. Akasema kuingiza kitu cha nje ni makosa, na msimu huu wa Valentine hata pa kuweka mguu hakuna, lakini kwa sababu ni mama mzee atajaribu. Ameiweka ndani ya katoni tupu, juu ya rafu. Kesho mchana naichukua.

Leo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, nimekunywa chai bila kuwaza friji.

Alhamisi, 5 Februari

Saa saba kamili nilikuwa kwenye lango la shamba. Jerotich akatoka mbio, aproni bado mwilini. Zamu ya usiku imejaza maua kila katoni iliyokuwa mle ndani. Kila katoni! Na lori liliondoka alfajiri.

Akasema, "Mzee, pole sana. Dawa ya shangazi iko kwa ndege."

Kwa ndege! Inakwenda Uholanzi pamoja na waridi! Nikaangalia juu. Nilijua sitaona kitu, lakini niliangalia. Jerotich akaniuliza sasa shangazi ataona vipi. Nikasema atavumilia.

Jioni nimeisikia njaa. Inakuja. Nimeamua kuiwahi, nile sasa kabla haijafika na nguvu zake zote. Ugali sahani mbili, samaki watatu, na nusu ya samaki aliyeachwa na Kipruto. Sijashiba. Au nimeshiba ila siamini.

Ijumaa, 6 Februari

Nimempigia Chepchumba wa kemisti, Nakuru, nikinong'ona juu ya mabati. Akanifanya nirudie hadithi. Thamosi? Samaki? Maua? Kisha akasema polepole, kama anayemwelekeza mtoto, kwamba peni yangu ikishafunguliwa inakaa wiki kadhaa bila friji, mradi isipate joto kali. Ningeiweka tu kwenye begi, ndani ya soksi. Yote yameandikwa kwenye karatasi ya maagizo. Kuchelewa siku chache si mkasa pia. Nichukue nyingine nikirudi, na niache kula kwa hofu.

Ndani ya soksi! Soksi ninazo jozi sita!

Saa tisa Jerotich akaja. Macho mekundu. Mnunuzi kule Uholanzi amefungua maua akakuta sindano, akaipiga picha na kulalamika. Karatasi ya kemisti inasomeka vizuri kabisa: Hiram Muiruri, Bondeni. Kupunguza uzito. Mara moja kwa wiki. Kesho anasimama mbele ya meneja. Bila barua ya mwenye dawa, kazi hana. Ana watoto wawili, na mume hayupo.

Hakuniuliza habari za shangazi. Afadhali angeuliza. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nimekula tena.

Jumamosi, 7 Februari

Barua ya kwanza ilisema akina Hiram Muiruri ni wengi Bondeni. Nikaichana. Ya pili ilisema shangazi yangu naye anaitwa Hiram. Nikaichana. Ya tatu ilisema ukweli. Mistari minne tu, kumbe ukweli hauchukui nafasi. Nikaipeleka kwa mkono wangu.

Meneja, mtu wa kitambi, aliisoma mara mbili. Jerotich amepewa onyo, kazi imebaki. Jerotich akatoka akinishukuru. Mimi! Halafu meneja akafunga mlango, akaniuliza hiyo kemisti iko barabara gani.

Tukaanza safari ya kurudi. Kila mwanamume alitazama simu yake, kisha akanitazama mimi. Picha! Imetoka Uholanzi na kufika kabla sijafika Gilgil. Kipruto peke yake hakutazama. Alinipa andazi. Nililila.

Jumapili, 8 Februari

Mizani imesema nimebaki na punguzo la kilo saba. Kilo mbili za samaki! Kipruto tisa. Kondoo ni wake. Pasta akamwita atoe ushuhuda, naye akasema yeye si mtu wa maneno, Bwana Hiram ndiye aliyejiandaa. Hadi sasa sijui kama ulikuwa wema au kisasi.

Nikasimama na kurasa zangu nne. Wamuyu alikuwa safu ya pili. Nikazikunja. Nikasema ni sindano, kwamba nilitunga kanuni nikaivunja, na kwamba dada wa watu nusura apoteze kazi kwa ajili ya tumbo langu.

Wamuyu akainuka, machozi yanamtiririka. Nikajua nimekwisha.

Kumbe tangu Novemba alidhani nina ugonjwa mbaya ninaomficha. Kila wiki amekuwa akizipunguza suruali zangu kwa cherehani, analia, na haniulizi kwa kuogopa jibu. Akasema mbele ya watu wote, "Baba Sue, umenifanya mjane nikiwa bado nakupikia."

Nimelia kama mtoto. Nimemwapia palepale kwamba sitamficha tena chochote. Nilimaanisha. Alasiri tumekula kondoo kwa Kipruto. Mtamu mno, na hilo limeniuma.

Jumatano, 11 Februari

Kamati imetangaza raundi ya pili, hadi Pasaka. Zawadi ni mtamba. Mtamba mzima! Kanuni ya tatu imebaki vilevile, safari hii kwa herufi kubwa. Nimejiandikisha wa kwanza.

Wamuyu nimemwambia sindano nimeacha. Huko si kumficha, ni kumpunguzia mawazo. Ameteseka vya kutosha.

Peni mpya nimeichukua Jumatatu. Chepchumba amenipa na karatasi ya maagizo, akanisihi niisome. Nimeitumia kuwashia jiko. Wiki ijayo wanaume tunaenda Gilgil kujenga ukuta wa kanisa, Alhamisi ikiwemo, na nimeshaulizia: kuna bucha moja pale yenye friji kubwa ya kuaminika. Mambo ya soksi siyaamini.

Nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi. Halikuwa thamosi. Halikuwa samaki wala maua. Kosa lilikuwa jina. Basi karatasi ya kemisti nimeibandua, nikabandika nyingine, nimeiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri: Kipruto.