Mpiga Kinanda Asiyejua Kinanda

Jumatatu, 9 Septemba 2024, Katoro
Mama Salome, mwenyekiti wetu wa kwaya, ametangaza: atakayepiga kinanda vizuri Jumapili mbele ya Baba Askofu, kiti cha mpiga kinanda ni chake moja kwa moja. Tuko wawili. Boaz anajua kupiga. Mimi najua kompyuta. Nakitaka kile kiti kuliko chakula! Miaka sita nabeba spika za watu, nimechoka.

Jumatano, 11 Septemba
Njia imepatikana! Nachora noti kwa mausi kwenye laptopu. Hiyo ndiyo midi: yenyewe haina sauti, inakiamuru tu kinanda kipige nini. Waya mmoja kutoka laptopu hadi kinanda. Laptopu chini ya meza, kitenge juu yake. Mimi napapasa tu vitufe vya kinanda, nilivyovizima visitoe sauti. Nani atajua? Boaz kapita dirishani, akauliza mbona mlango umefungwa. Nikamwambia niko kwenye maombi.

Ijumaa, 13 Septemba
Taabu. Nimeirekodi kwaya kwa siri mazoezini, niilinganishe na midi yangu. Haviendani! Kwaya inaanza polepole kama ng'ombe wanaotoka lamboni, vigelegele vikilia inatimua mbio. Nikajaribu kuivuta klipu ya kwaya ili iendane na midi. Sauti ya Mama Salome ikatoka kwenye laptopu kama ya ndama aliyekanyagwa. Nikaifuta upesi, maana nyumba yake haiko mbali. Midi haina makuu, unaivuta utakavyo. Nimeivuta. Tena nimeiweka ijirudie yenyewe, isije ikaisha kabla ya kwaya. Nikaongeza na mbwembwe kidogo.

Jumapili, 15 Septemba
Ee Mungu wangu. Ilianza vizuri! Mabega yalicheza, vidole vilikimbia, Boaz kanywea. Mara Baba Askofu akapita kwenye kwaya akisalimia, akaninyooshea mkono. Sasa mkono wa mkubwa unapokelewa kwa mkono mmoja? Mama yangu Msukuma angenikana palepale. Nikainuka, nikampa yote miwili, nikapiga goti, shikamoo Baba. Akaitikia marahaba. Kinanda kikaendelea. Kikafika kwenye mbwembwe! Kwaya ikanyamaza kwa mshangao, chenyewe kikaanza upya. Askofu akauliza nani anapiga. Nikasema ni neema, Baba. Akasema basi neema hiyo izimwe, yeye apate kuhubiri. Kanisa zima lilicheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 16 Septemba
Kiti kapewa Boaz. Mama Salome kasema hata spika nisiziguse. Nimelia kweli. Kisha nikakaa, nikatafakari kosa langu liko wapi. Midi ilikuwa safi. Waya ulikuwa safi. Kosa ni mikono! Kuna kwaya Kharumwa inatafuta mpiga kinanda, na huko habari hazijafika. Nimeshanunua bendeji. Nitaifunga mikono yote miwili, vidole vyote kumi. Tuone nani atanipa mkono nikiwa napiga.